Mwalimu wa Mtandaoni Asiachwe Peke Yake



Mnamo Machi 2020 serikali ya Tanzania ilizifunga shule kwa sababu ya maradhi ya korona. Shule kadhaa zikaanza kusomesha kwa simu na kompyuta, na sisi tuliokuwa tukifundisha Kiarabu katika darasa la sekondari tukajitosa pamoja nazo. Tulirekodi somo asubuhi, tukalituma, kisha tukangoja. Katika wanafunzi 30, walioleta kazi hawakuzidi wanane. Tukawahukumu kuwa ni wavivu, na wazazi wao tukawaandikia maneno makali.

Wiki tatu zilipita hivyo, hadi tulipozungumza na mwalimu wa hisabati aliyekuwa akiwasomesha wanafunzi hao hao. Alitueleza kwamba katika nyumba nyingi simu ni ya baba, naye hutoka nayo alfajiri na kurudi nayo usiku. Yeye alikuwa akituma somo baada ya Isha na kupokea kazi kabla ya alfajiri. Nasi tukabadili saa, na kazi zikaanza kuja.

Kwa hakika kosa halikuwa la wanafunzi, wala halikuwa la mtandao. Kosa ni kwamba tulikaa wiki tatu na swali ambalo jawabu lake lilikuwa kwa mwenzetu. Katika shule ya kawaida tungelisikia jambo hilo siku ya pili, katika chumba cha walimu. Mwalimu wa mtandaoni hana chumba hicho. Ndiyo maana tunasema: shule inayosomesha kwa mtandao haina budi kuwapa walimu wake saa maalumu ya kukaa pamoja kila wiki, na saa hiyo ihesabiwe kuwa ni kazi.

Jambo hili si geni kwa waliotangulia. Nchini Marekani, shule ya mtandao ya jimbo la Florida ilianzishwa mwaka 1997. Mwaka huo huo, katika jimbo la Massachusetts, yalifunguliwa madarasa ya kwanza ya Virtual High School. Huu ulikuwa ni ushirika: kila shule ilitoa mwalimu wa kufundisha somo moja mtandaoni, na wanafunzi wake wakapata nafasi katika masomo ya shule nyingine. Kabla ya kukabidhiwa darasa, mwalimu alipitia mafunzo kwa njia ile ile ya mtandao pamoja na walimu wenziwe. Hivyo alionja mwenyewe hali ya mwanafunzi asiyemwona mwalimu wake.

Mwaka mmoja baadaye, yaani 1998, Richard DuFour na Robert Eaker walitoa kitabu kuhusu jumuiya za walimu za kujifunza. DuFour alikuwa ameongoza Adlai Stevenson High School katika jimbo la Illinois, nayo ni shule ya kawaida. Hata hivyo, maswali ambayo jumuiya hizo hujiuliza yanamfaa pia mwalimu wa mtandaoni. Tunataka wanafunzi wajue nini? Tutatambuaje kwamba wamejua? Asiyejua tutamfanyia nini? Na aliyekwisha kujua tutampeleka wapi?

Maswali haya hayajibiwi na mtu mmoja. Walimu wanne wanaosomesha darasa moja wakikutana kwa saa moja, kila mmoja na kazi za wanafunzi watatu mbele yake, huona yale ambayo mmoja hawezi kuyaona. Aidha, somo la mtandaoni huacha athari: sauti ya mwalimu imehifadhiwa, maswali ya wanafunzi yameandikwa, na saa ambayo kila kazi ilipokelewa inajulikana. Walimu wa Japani, ambao kwa miaka mingi wamekuwa wakichunguza masomo pamoja, hulazimika kuingia darasani kumtazama mwenzao akifundisha. Mwalimu wa mtandaoni anayo kumbukumbu tayari, lakini hana mtu wa kuitazama pamoja naye.

Huenda mtu akasema: walimu wana makundi yao ya WhatsApp, wanahitaji nini tena? Tumo katika makundi hayo na tunayajua. Mna salamu, matangazo na ratiba. Ni nadra kumkuta mwalimu akiandika humo kwamba somo lake la jana halikueleweka, kwani mkuu wa shule yumo na wote wanasoma. Jumuiya ya kujifunza inahitaji watu wachache, ajenda moja, na amana ya kwamba lisemwalo pale halitageuzwa kuwa ripoti ya ukaguzi. Mkuu anayetaka kuwasaidia walimu wake awalindie saa hiyo, wala asikae humo kama hakimu.

Mwingine atasema kwamba saa hiyo ni gharama. Ni kweli. Lakini tumeona fedha zikitolewa kwa moyo mkunjufu kununua kompyuta, na mwalimu wa kuzitumia akaachwa ajitafutie njia. Hapa Tanzania, mpango wa MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, unawahimiza walimu kukutana katika jumuiya za kujifunza shuleni kwao. Iwapo walimu wanaoonana kila siku wanahitaji kikao hicho, basi wasioonana wanakihitaji zaidi.

Kwa hiyo, ndugu zetu mlio katika kamati za shule, na wazazi mnaolipia masomo ya mtandao, msiulize tu idadi ya kompyuta na kasi ya intaneti. Ulizeni pia: walimu wa watoto wetu hukutana siku gani, na kwa saa ngapi? Mkijibiwa kwamba kila mmoja yuko nyumbani kwake akijitahidi, basi fahamuni kwamba pengine yupo mwalimu anayewalaumu watoto wenu kwa uvivu, ilhali sababu ni simu ya baba.