Mzigo wa Hija Usivunje Mgongo wa Mtu



Msimu wa hija ukikaribia, kila parokia huwa na mikutano mingi. Kamati huhesabu nauli, kwaya hufanya mazoezi, WAWATA hupanga chakula, na katekista huandika majina ya wasafiri. Lakini jambo moja husahaulika mara kwa mara, nalo ndilo linalotuletea wagonjwa sisi wauguzi hija inapokwisha: Je, mahema, masufuria, magunia ya unga na madumu ya maji yatabebwa na nani, na kwa chombo gani?

Jibu la kawaida tunalijua sote. Basi au lori huwashusha watu barabarani, kisha mzigo hupanda vichwani mwa akina mama na mabinti. Vijana wa kiume hubeba ngoma na bendera. Wazee hutangulia na rozari. Baada ya siku tatu watu hurudi wakiimba, na baada ya wiki moja tunawaona kwenye foleni ya wagonjwa wa nje wakishika kiuno.

Katika toleo hili tunapenda kutoa maoni yetu wazi. Tunasema kwamba kila jumuiya ndogo ndogo, au jumuiya mbili tatu zikishirikiana, ziwe na mkokoteni mmoja mdogo ulio imara kwa ajili ya hija, makambi ya vijana na semina. Tunasema zaidi: ununuliwe kabla ya kushona sare mpya.

Mzigo unamfanya nini mtu?

Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Kwa hiyo dumu la lita 20 ni kilo 20, bila kuhesabu dumu lenyewe. Wataalamu wa usalama kazini wa NIOSH huko Marekani huchukua kilo 23 kuwa kikomo cha kunyanyua, tena pale mzigo unapokuwa karibu na mwili, mahali pa kusimama pakiwa tambarare na mikono ikishika vizuri. Shirika la Kazi Duniani, katika pendekezo lake la mwaka 1967, lilitaja kilo 55 kuwa mwisho kwa mwanamume mzima, na kusema kwamba mzigo wa wanawake na vijana uwe pungufu sana ya huo. Sasa tazameni binti wa miaka 12 anayepanda kilima akiwa na dumu kichwani na mkeka kwapani.

Uti wa mgongo umepangwa kwa mifupa, na kati ya mfupa na mfupa kuna kifuko laini kama mto. Mtu akiinama na kunyanyua kitu kizito huku akijipinda, kifuko hicho hubanwa upande mmoja, na kinaweza kutokeza nje na kubana mshipa wa fahamu. Ndiyo maumivu yale yanayoanzia kiunoni na kushuka mguuni. Mwanamume mwenye ngiri huongeza tatizo lake kwa kunyanyua. Mama aliyejifungua karibuni huweza kuharakisha kushuka kwa kizazi. Mama mjamzito haifai kabisa apewe mzigo mzito, hata kama mwenyewe anasema anaweza.

Dalili moja msiichezee. Mtu mwenye maumivu ya mgongo akianza kufa ganzi sehemu za kukalia, au akishindwa kuzuia au kutoa mkojo, au miguu ikilegea, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Asisubiri misa ya kufunga hija.

“Lakini hija ni sadaka”

Wapo watakaotuambia kwamba hija ni toba, na kwamba mateso ya safari ni sehemu ya sala. Tunawaheshimu. Tunajua kwamba kila mwaka, kuelekea tarehe 3 Juni, maelfu ya waamini hutembea kwa miguu siku nyingi kwenda Namugongo nchini Uganda, mahali alipochomwa Mtakatifu Karoli Lwanga na wenzake mwaka 1886. Hakuna muuguzi Mkristo atakayeicheka imani hiyo.

Hata hivyo tunauliza swali moja. Toba ni ya nani? Mtu mzima akiamua mwenyewe kutembea peku au kufunga, hiyo ni sadaka yake. Lakini mzigo uliowekwa kichwani mwa mtoto kwa sababu hakuna aliyepanga safari vizuri, huo ni uzembe wa wakubwa. Hata Bwana wetu katika njia ya msalaba alisaidiwa na Simoni wa Kirene. Kama mti wa msalaba ulipata msaidizi, sufuria la pilau litakosaje gurudumu?

Namna ya kuchagua mkokoteni

Tatizo la pili ni kununua kwa macho. Siku hizi madukani kuna vigari vya kukunja, vyenye kitambaa kizuri cha rangi na magurudumu madogo ya plastiki. Vinafaa kwenye sakafu na lami. Parokia moja tunayoifahamu ilinunua viwili kwa ajili ya kambi ya vijana, na kimoja kilivunjika kabla hakijafika kambini. Kitu rahisi mara nyingi huishia kuwa ghali. Zingatieni mambo yafuatayo:

1. Gurudumu liwe kubwa. Gurudumu lenye kimo cha inchi 8 likikutana na jiwe la inchi 4, halipandi hata ukilivuta kwa nguvu zako zote, kwa sababu jiwe limefika usawa wa katikati yake. Gurudumu la kimo cha inchi 20 au zaidi hupita juu ya jiwe hilo hilo na mvutaji hasumbuki sana.

2. Tairi liwe pana na la upepo. Tairi jembamba huzama kwenye mchanga na tope. Tairi la upepo hupunguza mtikisiko, na mtikisiko mdogo ni nafuu kwa mikono na mabega ya mvutaji. Ubaya wake ni pancha. Basi pampu, viraka, gundi na tyubu ya akiba viwe sehemu ya mkokoteni, visiwe vya kuazima njiani.

3. Jihadharini na magurudumu ya baiskeli. Gurudumu la baiskeli limetengenezwa kushikwa pande zote mbili na uma. Fundi akilifunga upande mmoja tu, ekseli itapinda mzigo ukizidi. Mwambieni atengeneze fremu inayolishika ndani na nje, au atumie magurudumu ya pikipiki, ambayo ni imara zaidi.

4. Magurudumu mawili ni bora kuliko moja. Toroli la mjengo lina gurudumu moja mbele, hivyo sehemu kubwa ya uzito hubaki mikononi mwa anayesukuma. Mkokoteni wa magurudumu mawili, mzigo ukiwa umekaa sawasawa juu ya ekseli, hubeba karibu uzito wote wenyewe, na mtu hutoa nguvu ya kuvuta tu.

5. Mkono wa kuvutia ufike usawa kati ya nyonga na kiuno. Mtu asiiname wala asinyanyue mabega. Kwa kuwa watu hatulingani urefu, fundi aweke matundu mawili matatu ya kurekebisha. Mkono uwe mpana kiasi cha watu wawili kuvuta bega kwa bega.

6. Kagueni viungo. Sehemu zilizochomelewa zisiwe na nyufa wala matundu. Inueni gurudumu na kulizungusha: beringi nzuri huzunguka kimya, mbovu hulia kama mchanga ndani ya kopo. Tikiseni gurudumu kushoto na kulia. Likicheza sana, msilipie.

7. Upana upite njiani. Pimeni mlango wa stoo ya parokia, daraja la miti na njia ya kwenda kwenye kituo cha hija, kabla ya kumpa fundi vipimo.

Pimeni kabla ya kulipa

Watu wengi huuliza, tutajuaje kama chombo kitabeba? Jibu ni rahisi, na vifaa mnavyo. Hesabuni kwanza mzigo wenu. Jumuiya ya watu 12 inaweza kuwa na madumu matatu ya maji (kilo 60), unga kilo 25, maharage kilo 10, masufuria na turubai kama kilo 30, mikeka na mablanketi kama kilo 20. Jumla ni kilo 145. Basi mwambieni fundi mnataka mkokoteni wa kilo 200.

Siku ya kuupokea, jazeni madumu kumi ya lita 20. Hizo ni kilo 200 kamili. Yapangeni juu ya mkokoteni, uvuteni kwenye kilima, upitisheni juu ya jiwe, ugeuzeni ghafla, kisha uacheni umesimama na mzigo wake usiku kucha. Asubuhi angalieni kama kuna kilichopinda. Fundi anayejiamini hatakataa jaribio hilo. Anayekataa mmeshamjua.

Namna ya kupakia na kuvuta

Chombo kizuri mikononi mwa mtu asiyejua kinaweza kuua. Vitu vizito viwekwe chini na katikati, juu ya ekseli. Vyepesi kama mikeka viwe juu. Mzigo ukizidi nyuma, mkono wa mkokoteni utapaa juu. Ukizidi mbele, utakandamiza mgongo wa mvutaji. Fungeni kwa kamba, na msipandishe mzigo mpaka ukawazuia kuona mbele.

Kwenye mteremko ndiko kwenye hatari kubwa. Mkokoteni wa kilo 200 ukishika kasi, mtu mmoja hawezi kuuzuia. Fungeni kamba ndefu nyuma, na watu wawili wazima waishike na kuuzuia polepole. Mkipumzika, wekeni jiwe au kabari kwenye magurudumu yote mawili. Watoto wasipande juu ya mzigo, wala wasikae mbele ya mkokoteni kwenye mteremko. Bandikeni viakisi mwanga, vyekundu nyuma na vyeupe mbele, na msitembee usiku kwenye barabara kuu. Badilishaneni kila nusu saa, wanaume kwa wanawake wenye afya njema, ili asiwepo mmoja wa kuchoka peke yake.

Wakati wa kunyanyua dumu kutoka chini, chuchumaa kwa kukunja magoti, lisogeze karibu na tumbo, kisha inuka kwa nguvu za miguu. Ukitaka kugeuka, geuza nyayo, usipinde kiuno.

Mzigo mwepesi kuliko wote ni ule uliouacha nyumbani. Maji ndiyo mazito zaidi. Kabla ya safari, viongozi waulize wenyeji wa kituo cha hija kama kuna maji ya kutosha yaliyo salama. Kama yapo, bebeni ya kunywa njiani tu. Kama hayaaminiki, bebeni dawa ya klorini ya kutibu maji, au pangeni kuni na sufuria la kuchemshia.

Sanduku la huduma ya kwanza lisizikwe chini ya magunia. Lifungwe pembeni, mahali mkono unapofika. Ndani yake ziwemo bandeji, glavu, sabuni, pini, dawa ya maumivu, na pakiti za chumvichumvi za kuzuia upungufu wa maji kwa mwenye kuharisha. Zikikosekana, lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vya kusawazisha, vitasaidia mpaka mfike kwenye zahanati.

Baada ya hija

Mkokoteni usilale stoo kusubiri mwaka mwingine. Uteke maji ya shule, ubebe mahindi ya mjane, upeleke viti msibani. Mtu mmoja wa jumuiya akabidhiwe utunzaji: kuweka grisi kwenye beringi, kukaza nati, kujaza upepo, na kuandika kwenye daftari nani ameazima na lini amerudisha. Kitu cha wote kisicho na mtunzaji hufa mapema.

Tunawaomba mababa paroko walitaje jambo hili kwenye matangazo ya Dominika, na halmashauri za walei zilipangie fungu. Hatuombi gari. Tunaomba magurudumu mawili, bomba za chuma na fundi mwaminifu. Haba na haba hujaza kibaba, na kwa michango midogo ya miezi michache jumuiya itakuwa na chombo cha kutumia miaka mingi.

Kinga ni bora kuliko tiba. Mgongo ukishaharibika hatuna cha kuubadilisha, na mama aliyelala kitandani kwa ajili ya kiuno huwaacha watoto bila wa kuwapikia. Twendeni hija tukiwa wazima, na turudi tukiwa wazima, ili nguvu tulizobakiza tumtumikie nazo Mungu na jirani.