Mgonjwa mwenyewe aulizwe

Katika hospitali zetu za Bunia, mgonjwa asiyetarajiwa kupona mara nyingi ndiye wa mwisho kuambiwa. Daktari humwita kando mjomba au mtoto mkubwa, humnong'oneza, kisha familia hukaa uani karibu na masufuria kuamua: tumpeleke Kampala, tuuze shamba, au tumrudishe nyumbani Djugu? Mwenye mwili amelala pale ndani, masikio yake yanasikia, na hakuna anayemwuliza.

Tunajua ni upendo. Kwetu, kutaja kifo mbele ya mgonjwa ni kama kukiita. Lakini kimya hicho kinamnyima mtu siku za kupatanisha wanawe, kutaja madeni, kumwita padri au shehe, kuonyesha mpaka wa shamba lake. Na hapa Ituri, ambako shamba lisilojulikana mwenyewe linaweza kuzaa vita vya koo, neno ambalo mzee hakupewa nafasi ya kulisema huwagharimu wengi.

Kisha yako maumivu, na hapa tuseme wazi. Ubelgiji, iliyotutawala, iliruhusu mwaka 2002 daktari amfupishie maisha mgonjwa anayeomba hivyo, kwa masharti. Kongo haikuruhusu. Kwa sheria yetu ya adhabu ya mwaka 1940, anayemuua mgonjwa kwa huruma ni muuaji, nasi hatuombi hilo libadilishwe. Kinachotusumbua ni kwamba hofu ya kuua imevuka mpaka wake. Wako wauguzi wanaoiogopa morfini kana kwamba kila tone ni sumu. Ziko familia zinazoona kwamba kuacha tiba isiyosaidia tena ni kumtupa mgonjwa wao. Hata Kanisa Katoliki halifundishi hivyo: Papa Pio wa 12 aliwaambia madaktari mwaka 1957 kwamba kutuliza maumivu makali ni halali hata kama dawa ingepunguza siku za mgonjwa, na kwamba hakuna anayelazimika kutumia njia zisizo za kawaida kurefusha maisha. Nayo Katiba yetu, ibara ya 16, inakataza mtu kutendewa ukatili. Kumwacha mama mwenye saratani alie usiku kucha na paracetamol mkononi tukuite nini?

Morfini si dawa ya anasa. Shirika la Afya Duniani linaihesabu kati ya dawa za lazima. Hata hivyo, mwaka 2017 wataalamu waliokusanywa na jarida la Lancet walihesabu tani 298.5 za dawa za aina hiyo zilizogawiwa duniani kwa mwaka. Nchi maskini kabisa zote pamoja zilipata tani 0.1.

Na bado kuna deni la hospitali. Mgonjwa anasema nataka kufia nyumbani, watoto wanakubali, daktari anakubali, halafu anazuiwa kwenye malipo mpaka makuta yapatikane. Uamuzi mkubwa hivyo hauwezi kuachwa mikononi mwa karani wa kaunta.

Ebola ilitufundisha jambo tusilopaswa kulisahau. Ile iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika tarehe 25 Juni 2020 iliua watu 2,287 katika Kivu Kaskazini, Ituri na kidogo Kivu Kusini. Mwanzoni watu walikimbia vituo kwa sababu ndugu waliingia nyuma ya plastiki na hawakuonekana tena. Huko Beni, shirika la ALIMA lilileta chumba chenye kuta zinazoonyesha ndani, ambamo mama aliweza kumwona mwanawe na kuzungumza naye. Ikiwa hilo liliwezekana kwa ugonjwa wa kuambukiza namna ile, kwa nini mwenye saratani ya ini afe bila kuagana na watu wake?

Jibu la maumivu liko ng'ambo ya Ziwa Albert tu. Mwaka 1993 daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda, na tangu 1998 wana kituo Hoima. Morfini yao ni poda inayochanganywa na maji; mgonjwa anainywa nyumbani kwake. Mwaka 2004 serikali ya Uganda ikawaruhusu wauguzi waliofunzwa maalumu kuiandika, maana madaktari hawatoshi vijijini. Wavuvi wa Kasenyi na Tchomia huvuka maji hayo. Idara ya afya ya Ituri nayo ivuke, ipeleke wauguzi wake wakajifunze. Wizara kule Kinshasa itoe idhini ya maandishi kwa muuguzi aliyefunzwa, na iulinde mnyororo wa dawa hiyo usiingiliwe na wezi. Wakati tunangoja, daktari wa zamu anaweza kuanza leo jioni bila franka moja: avute kiti, akae karibu na kitanda, amwulize mgonjwa anataka kujua nini, na anataka nani awe pale.