Afya ya Jamaa: Kinyama cha Ufizi

Mama mmoja wa Soni, mwenye mimba ya miezi 5, ametuletea barua ya masikitiko. Katikati ya meno yake ya mbele, upande wa juu, kumeota kinyama chekundu, ukubwa wake kama punje ya kunde. Hakimwumi, ila kikiguswa na mswaki chatoka damu nyingi. Mama mkwe wake asema ni saratani. Jirani amempa uzi akifunge mpaka kikatike. Yeye mwenyewe halali usiku.

Mama, tulia. Kwa barua hatuwezi kukitazama kinywani, lakini dalili zako ni za kinyama ambacho waganga wa meno wakijua sana. Hukiita epulisi, neno la Kiyunani, maana yake "juu ya ufizi". Si saratani. Wakati wa mimba homoni huzidi katika damu, na ufizi huvimba upesi mahali penye ukoga. Mara nyingi chaanza baada ya mwezi wa 3, hukua kwa majuma machache, kisha husimama.

Mganga atatazama, atagusa, atatikisa meno ya jirani ajue kama yamelegea. Kisha ataondoa ukoga mgumu kwa vyombo vyake. Nawe piga mswaki asubuhi na usiku, ijapo damu yatoka. Ukiacha, ukoga utazidi na kinyama kitazidi. Vingi hupungua vyenyewe baada ya kujifungua. Kikisalia hukatwa kwa sindano ya ganzi, na shina lake kukwanguliwa, maana shina likibaki huota tena. Kilichokatwa yafaa kitazamwe kwa darubini. Kikikuzuia kula, au damu haikomi, chaweza kukatwa hata katika miezi ya kati ya mimba. Jino halina haja ya kung'olewa.

(Wenye kifafa wanaomeza fenitoini huota fizi nene pia. Wasiache dawa; wamwambie mganga.)

Mambo mengine si ya kungoja: kidonda kisichopona kwa majuma 2, uvimbe mgumu, mdomo kufa ganzi, meno kulegea bila sababu. Na mtoto ambaye taya lake lavimba siku kwa siku apelekwe hospitali upesi. Mwaka 1958 Daktari Denis Burkitt wa Mulago, Kampala, aliandika habari za saratani ya namna hiyo kwa watoto. Baadaye alizunguka nchi nyingi kwa motakaa, akaona yapatikana sana penye joto na malaria, nayo ni haba milimani kwenye baridi. Usambara ni milima, kweli, lakini watoto wetu hushuka Mombo na Korogwe kila likizo. Ikiwahiwa, hutibika kwa dawa.

Wewe, mama, siku ya kupimwa mimba fungua kinywa umwonyeshe mkunga, akuelekeze kwa mganga wa meno. Na ule uzi mrudishie jirani.