Kijapani si visa: ukweli wa mtihani ulioniangusha kwa masikio

Leo siwaletei habari ya barabara wala ya bei ya muhogo sokoni. Leo natoa maoni yangu mwenyewe, na ninaanza na aibu yangu. Mimi, mtu wa redio, nimeanguka mtihani kwa sababu masikio yangu hayakutosha.

Mtihani wenyewe ni wa lugha ya Kijapani. Cheka kwanza, halafu tuendelee. Hata kazini walicheka. Muzee mmoja wa kwetu aliniuliza: "Watu wanakimbia vita, wewe unachora vijiti kwa daftari?" Swali lake ni la haki na nitalijibu. Lakini kuna sababu nyingine inayonifanya niandike. Hapa Beni kuna vijana, wengine wao watoto wa familia zilizokimbia barabara ya Mbau kwenda Kamango, wanaoambiwa kwamba Kijapani ni njia fupi ya kutoka nchini. Wanaambiwa: lipa dola hamsini, tutakuandikisha, utafanya mtihani hapa hapa, visa itafuata. Mama mmoja anayeishi katika familia ya mapokezi ameuza mbuzi wake wawili kwa ajili ya maneno hayo. Mimi mwenyewe nililipa kabla yake. Yule aliyepokea alinipa karatasi yenye muhuri, na baada ya mwezi namba yake ya simu haikuita tena. Nilipouliza wenye mtihani, jina langu halikuwa mahali popote.

Kwa hiyo tuseme ukweli wote, mzuri na mbaya.

Kijapani cha kwanza nilichosikia kilitoka kwa gari. Wengi wenu mmekisikia pia. Magari mengi yanayofika kwetu yalitumika kwanza Japani, na dereva akiwasha, sauti ya mwanamke inaongea ndani ya gari, polepole, kwa heshima. Tunadhani anatusalimia. Siku nilipoelewa anachosema nilicheka peke yangu ndani ya taksi: anasema kadi haijaingizwa. Ni kadi ya kulipia barabara kuu za Japani. Maskini mama yule, bado anaidai barabarani kwetu.

Nilianza kujifunza kwa udadisi huo tu. Na nikagundua kwamba mtu anayesema Kiswahili hapati shida ya matamshi kama tuliyopata shuleni na Kifaransa. Kijapani kina a, e, i, o, u, karibu kama zetu. Silabi zake ni ka, ki, ku, ke, ko, kama tulivyoimba darasa la kwanza. Neno halimaliziki na konsonanti, isipokuwa n. Hata r na l kwao ni sauti moja, na baadhi ya wazee wetu watafurahi kusikia hivyo. Kuna maneno yanayofanana na yetu lakini maana ni nyingine kabisa. "Hana" kwao ni ua. "Mimi" kwao ni sikio. Shikeni hilo la sikio, nitalirudia.

Shida iko kwa maandishi. Kuna alfabeti mbili, kila moja na herufi 46 za msingi, na juu yake kuna kanji, zile alama zilizotoka China. Serikali ya Japani ina orodha ya kanji 2,136 za matumizi ya kawaida. Kwa ngazi ya chini ya mtihani, karibu mia moja zinatosha kuanza. Nyingine zinaingia kichwani kwa urahisi: mti ni alama moja, miti miwili pamoja ni kichaka, mitatu ni msitu. Alama ya kupumzika ni mtu kando ya mti. Binti mmoja wa miaka 19, aliyefika hapa na familia yake bila chochote, nilipomwonyesha hiyo alinyamaza kidogo, halafu akasema: "Hii ni sisi, siku ile njiani." Hajaisahau tangu siku hiyo.

Sasa mtihani. Kwa Kijapani unaitwa Nihongo Noryoku Shiken. Ulianza mwaka 1984, na tangu 2010 una ngazi tano. N5 ndiyo ya chini, N1 ndiyo ya juu. Unafanyika Jumapili ya kwanza ya Julai na Jumapili ya kwanza ya Desemba, lakini nchi nyingine zina mara moja tu kwa mwaka. Kila nchi ina taasisi inayouandaa, na kujiandikisha ni kwa taasisi hiyo, miezi kadhaa kabla. Hakuna mtu wa katikati. Mimi niliufanyia Nairobi, mwezi wa Desemba, baada ya kuweka akiba mwaka mzima: Beni, Kasindi, Kampala, Nairobi, siku mbili za basi na miguu iliyovimba.

Ndani ya chumba hakuna mchezo. Unatumia kreyo, si biki, na unapaka rangi kiduara cha jibu lako. Hakuna insha, hakuna kuongea. Wasimamizi wana kadi ya manjano na kadi nyekundu, kama mwamuzi wa mpira. Telefone yako ikilia, ni nyekundu, unatoka.

N5 ina alama 180. Ukipata 80 umepita, lakini kuna sharti ambalo wengi hawalijui. Msamiati, sarufi na kusoma vina alama 120, na lazima upate angalau 38. Kusikiliza kuna alama 60, na lazima upate angalau 19. Ukikosa sehemu moja umeanguka, hata jumla ikiwa nzuri.

Mimi nilipata 71 kwa kusoma. Nilipata 17 kwa kusikiliza. Jumla 88, na nikaanguka.

Nimejiuliza sana kwa nini. Jibu ni rahisi na linawahusu wote wanaojifunza hapa kwetu. Kitabu nilikuwa nacho, nakala ya fotokopi iliyokwisha kupasuka. Lakini sauti zinakula mega, na mega ni pesa. Umeme nao unakuja unavyotaka. Basi nilisoma mwaka mzima kwa macho, kwa taa ya telefone, na sauti nikasikiliza kwa kubania. Siku ya mtihani sauti inapita mara moja tu. Hairudi. Kuna sehemu ya mwisho ambapo hakuna picha wala neno kwenye karatasi: mtu anasema sentensi moja, unasikia majibu matatu, unachagua. Wakati bado ninafikiri swali la kwanza, la pili lilikuwa limekwisha.

Kuna jambo lingine lililoniumiza. Kijapani kinaweka kitenzi mwisho wa sentensi, na kukana pia kunakaa mwisho. Sisi tukisema "hakula", ile "ha" inakuambia mapema kwamba hakuna kilicholiwa. Mjapani anataja mtu, anataja saa, anataja mahali, anataja chakula, na mwishoni kabisa ndipo anasema alikula au hakula. Ukikimbilia kujibu katikati ya sentensi umekosea. Mimi nilikimbilia mara nyingi.

Wasikilizaji wangu mnajua ninachofikiri hapo. Ni mara ngapi mtaa mzima umefunga mizigo kwa sababu mtu alisikia nusu ya habari? "Wameonekana..." na watu tayari wako barabarani na watoto mgongoni, kabla ya kusikia kwamba walioonekana ni askari wanaobadilishana zamu. Sisemi mtu asikimbie. Aliyeona usiku wa Beni ana haki ya kukimbia. Ninasema tu kwamba kusikia mpaka mwisho ni kazi, inafundishwa, na mimi niliyedhani ninaijua kwa sababu ya mikrofoni nimeonyeshwa kwa namba kwamba siijui vya kutosha. 17 kwa 60.

Tuje kwa swali la muzee: Kijapani kitakulisha nini?

Jibu la kweli ni: kwa sasa, hakuna. Cheti cha N5 ni hatua ya kwanza tu, hakitoshi kwa visa ya kazi. Japani ilifungua mwaka 2019 visa ya wafanyakazi wenye ujuzi maalumu, kwa kazi kama kutunza wazee, ujenzi na kilimo. Kwa kawaida inadai N4 au mtihani mwingine wa lugha wa kiwango kama hicho, pamoja na mtihani wa ujuzi wa kazi, pamoja na mwajiri aliye tayari kusaini mkataba. Wengi wanaoipata wanatoka Asia: Vietnam, Indonesia, Ufilipino, Myanmar. Vyuo vikuu vinavyofundisha kwa Kijapani mara nyingi vinataka N2 au N1, na hiyo ni miaka ya kazi. Ufadhili wa serikali ya Japani unapitia ubalozi, na fomu yake haiuzwi. Na kwa wazazi wanaoniuliza kama Japani inapokea wakimbizi: mwaka 2023 iliwatambua watu 303, na hiyo ilikuwa idadi kubwa kuliko miaka yote ya nyuma, huku maombi ya mwaka huo yakipita 13,000. Anayekuahidi mlango kwa dola hamsini anakuuzia ukuta.

Kama unatafuta lugha ya kukupa mkate haraka, anza na Kiingereza. Mpaka wa Kasindi uko karibu, na biashara ya kule ina faida yake. Au jifunze kushona, au kutengeneza pikipiki. Hilo nalisema bila aibu.

Lakini sikubaliani na wanaosema mtoto wa familia iliyokimbia hana ruhusa ya kujifunza kitu cha mbali. Tumeona familia zikiacha mashamba ya kakao tayari kwa kuvuna. Tumeona diploma zikiungua pamoja na nyumba. Yale binti yule aliyojifunza kando ya jiko la makaa, herufi 46 na nyingine 46, hakuna anayeweza kuyapora njiani. Tena anajifunza kwa mpango, saa moja kila jioni, na jambo hilo limerudisha kitu ambacho maisha ya kuhamahama yanakiua upesi, yaani kuwa na kesho. Hasira yangu kwa wauzaji wa uongo inatoka hapo. Pesa ni hasara, lakini kijana akishajua amedanganywa anatupa na daftari.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Wazazi, msilipe mtu yeyote pesa ya mtihani bila kupata jibu la taasisi inayouandaa. Mliokwisha kulipa, leteni karatasi zenu redioni, tuziweke pamoja na yangu, tuzipeleke kwa wakubwa wa sheria tukiwa wengi. Na viongozi wa vijana, msiwacheke wanaojifunza. Wapeni mahali pa kukaa na mahali pa kuchaji telefone.

Kujifunza kwenyewe hakudai pesa nyingi. NHK, redio ya Japani, ina idhaa ya Kiswahili na ina masomo ya Kijapani kwa Kiswahili, bure. Wenye mtihani nao wanatoa mifano ya maswali pamoja na sauti zake, bure vilevile. Sauti hizo nimekwisha kuzipakua ili asipoteze mtu mwingine mega zake. Kila Jumamosi saa tisa mchana tunazisikiliza pamoja katika uwanja wa redio, kwa spika moja. Mara ya kwanza tulikuwa wanne, na binti wa kanji ya kupumzika alipata majibu mengi kuliko mimi.

Njoo na daftari na kreyo. Hakuna kulipa. Desemba ikinikuta na akiba, nitapanda basi tena.