Feki tunalipa bila kubisha, kikapu cha mama tunaomba punguzo

Nimekuwa kimya siku kadhaa kwa pilika za kazi, lakini leo nimerudi na mada ya mikoba. Najua kaka zangu mtasema hayo ni mambo ya akina dada... tulieni kwanza, maana mara nyingi nyinyi ndio mnaotoa hela.

Huko Paris na Milan wenye mitindo yao wana kalenda yao ya maonyesho. Sisi wa Nyanda za Juu Kusini kalenda yetu ni shamba. Mvua zikikata na mahindi yakiingia ndani, kadi za michango zinaanza kutembea. Kicheni pati, sendofu, harusi, moja baada ya nyingine mpaka Desemba. Kila shughuli ina sare yake, na kila sare inadai mkoba wake. Huo ndio msimu wetu, na ukitaka kuuona nenda Mwanjelwa siku ya Jumamosi.

Msimu huu nimeona makundi matatu. Kuna vipochi vidogo vya mnyororo, ambavyo simu ikiingia leso inabaki nje. Kuna mabegi makubwa ya begani, ya dada wa ofisini anayebeba kompyuta, mwavuli na kiporo cha mchana. Na kuna mikoba ya kusukwa, inayofanana na kikapu, yenye mishikio ya ngozi. Hili kundi la tatu ndilo lililonifanya niandike.

Lakini nianze na kosa langu mwenyewe. Mwaka jana kabla ya sendofu ya rafiki yangu nilinunua mkoba wenye herufi LV kila mahali. Muuzaji akasema elfu arobaini na tano. Sikubisha, nilihofia nikiomba punguzo ataniona mshamba nisiyejua vitu. Nikatoa hela, nikatabasamu, nikaondoka. Jamani, haikupita miezi mitatu! Mkono ulikatikia kwenye daladala, na ile "ngozi" ikaanza kubanduka kama rangi ya ukuta uliolowa.

Wala sikudanganywa. Nilijua tangu mwanzo kwamba ni feki, na hapo ndipo aibu ilipo. Halafu kuna kichekesho chake: ile nembo ya LV ilibuniwa mwaka 1896 na Georges Vuitton, mtoto wa Louis, na sababu moja kubwa ilikuwa kuwazuia watu wasiige mabegi ya baba yake. Leo ni kati ya nembo zinazoigwa zaidi duniani, na mimi nilivaa mwigo wake begani nikijiona nimetoka bomba.

Wiki mbili baadaye nikaenda nyumbani Iringa. Pale mjini nikamkuta mama mmoja amepanga vikapu vyake chini. Mnavijua vile vikapu vya milulu, yale majani marefu yanayoota mabondeni kwenye majimaji. Yanakatwa, yanaanikwa, mengine yanatiwa rangi, ndipo mkono unaanza kusuka kutoka kitako kwenda juu. Vya Iringa hukazwa sana, ukikibonyeza kinarudi kama kilivyokuwa.

"Shikamoo mama, hiki bei gani?"

"Marahaba mwanangu. Hicho elfu kumi na tano."

Mdomo wangu, bila hata kushauriana na kichwa, ukasema: "Mama, punguza bwana, fanya elfu kumi."

Akanitazama, hakukasirika. Akaniambia kile kikapu kilimchukua siku nne, akikisuka kati ya shamba na jiko, halafu akasema, "Haya, lete hiyo kumi, nataka nauli ya kurudi."

Nilifika nyumbani na kikapu changu nikiwa na furaha ya kupata kitu cha bei rahisi. Usiku nikapiga hesabu. Elfu kumi kwa siku nne ni elfu mbili na mia tano kwa siku, na hapo hujatoa rangi wala hiyo nauli. Kwa mwenye mkoba feki sikuthubutu kufungua mdomo, kwa huyu mama nilimnyang'anya siku nzima ya kazi na sehemu ya siku ya pili, na nikaona ni ujanja wa mjini.

Sasa sikilizeni hii ya Ulaya. Jane Birkin, mwigizaji na mwimbaji Mwingereza aliyeishi Ufaransa, alijulikana kwa kutembea na kikapu cha majani kila mahali, hata kwenye hafla za wakubwa. Miaka ya 1980 alikaa kwenye ndege karibu na Jean-Louis Dumas, bosi wa kampuni ya Hermès. Vitu vyake vikamwagika, wakaanza kuongea kuhusu mkoba unaomfaa mwanamke mwenye mambo mengi. Ndipo ukazaliwa mkoba unaoitwa Birkin. Ule wa kwanza kabisa, aliotumia yeye mwenyewe, ulipigwa mnada Paris Julai 2025 kwa takriban euro milioni 8.6. Kwa hela zetu ni zaidi ya shilingi bilioni 20!

Yaani mkoba ghali kuliko yote iliyowahi kupigwa mnada unatokana na mwanamke aliyezoea kubeba kikapu. Na leo kampuni kubwa kama Loewe ya Hispania zinauza vikapu vya kusukwa vyenye kipande cha ngozi, na wateja wanavigombania. Huku kwetu ukibeba kikapu kwenda ofisini unaulizwa, "Vipi, unapitia sokoni?"

Haki nayo isemwe. Kikapu cha kawaida kina kasoro zake. Hakina zipu, na kwenye daladala ya kwenda Uyole saa kumi na mbili jioni mkoba usio na zipu ni mwaliko kwa vibaka. Hakina kitambaa ndani, kalamu na sarafu zinanasa. Kikilowa kisianikwe vizuri kinaota ukungu. Kwa hiyo msichana anayekikataa si lazima awe anadharau kwao. Anataka kitu kinachomfaa kwa maisha anayoishi.

Ila kasoro hizo dawa yake ipo hapa hapa. Pale Iringa wapo Vikapu Bomba, wanaofanya kazi na akina mama wa vijijini kutengeneza vikapu vya soko la kisasa. Wapo Neema Crafts, walioanza mwaka 2003 kuwapa kazi vijana wenye ulemavu, na humo watu wanafuma na kushona mpaka mikoba. Na Mbeya mafundi cherehani na mafundi viatu wamejaa. Mimi kile kikapu changu nilimpelekea fundi, akanishonea kitambaa cha kitenge ndani, zipu juu na mikono ya ngozi. Jumla, pamoja na bei ya kikapu, haikufika ile ya LV yangu marehemu. Nimekwenda nacho kwenye harusi mbili, na mara zote mbili nimeulizwa nimekinunua wapi.

Mwaka 2019, mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku kuanzia tarehe 1 Juni, nilidhani zamu ya kikapu imefika. Wapi! Tukakimbilia ile mifuko mbadala ya viwandani. Sheria ilifungua mlango, sisi wateja hatukuingia.

Msimamo wangu ni huu. Sisemi tuache mitumba wala tuache kupenda vizuri, mimi mwenyewe napenda. Nasema tukiwa na ujasiri wa kuomba punguzo, tuupeleke kwa mwenye feki. Kwa mama aliyesuka siku nne tulipe alichotaja, na kama tunataka zipu tumwambie, tumwongezee hela aweke. Mtindo unakuwa mtindo pale wenye nao wanapokubali kuulipia. Tukingoja mzungu atuthibitishie, tutakuja kuuziwa kikapu cha kwetu kwa bei ya Paris.

Yule mama bado namdai msamaha, na yeye ananidai elfu tano. Nikipanda Iringa mwezi ujao nitaanzia kwake.

Nawasilisha.