Nywele zikianguka, hesabu kwanza miezi mitatu nyuma



Juma lililopita, kisha mkutano wa MUSO yetu, mama mmoja alinivuta kando akafungua kitambaa chake cha kichwa. Kwenye paji na juu ya masikio, ngozi ilikuwa inaonekana. Mtoto wake ana miezi minne. Akaniambia kwa sauti ya chini: «Madamu, kila nikichana, chanuo linajaa. Majirani wameanza kusema nina SIDA. Na bwana ananiangalia vibaya.» Kisha akaniuliza kama auze kuku wake wawili, wale wanaotaga, apate kununua chupa ya kapsule za nywele zinazotoka Goma.

Nilimwomba asubiri siku chache. Tena nilimwomba ruhusa niwaandikie ninyi bila kumtaja jina, kwa sababu najua si yeye peke yake anayelala na kitambaa kichwani.

Hata mimi nilipita humo. Nilipozaa mtoto wa kwanza, nywele zilianza kuanguka akiwa na miezi mitatu. Nilitoa pesa nyingi ya mshahara wangu nikanunua kapsule. Kisha miezi michache nywele zikarudi, nami nikawasifu wauzaji mbele ya walimu wenzangu wote. Nilipozaa mtoto wa pili, tulikuwa tumekimbia vita, tunalala kwa jamaa, watu kumi na mmoja ndani ya vyumba viwili. Nywele zilianguka kuliko mara ya kwanza. Pesa ya kapsule haikuwepo. Nikangoja tu, sina namna nyingine. Na nywele zikarudi, karibu kwa muda uleule, mbele mtoto hajaanza kutembea. Hapo ndipo nilipokwenda kumuuliza muuguzi wa kituo cha afya: basi mara ya kwanza ni nini kilichoniponyesha?

Alinieleza hivi. Kichwa cha mtu kina nywele karibu 100.000. Kila unywele unakua kwa miaka kadhaa, kisha unapumzika karibu miezi mitatu, halafu unaanguka na mwingine unaota pale pale. Ndiyo maana kuangusha nywele 50 hadi 100 kwa siku si ugonjwa.

Mimi ninapenda kuwafundisha kwa mfano wa shamba. Kwa kawaida nywele ni kama mihogo: unang'oa shina moja leo, lingine kesho, na shamba linabaki limejaa. Lakini mwili ukipata mshituko mkubwa, nywele zinakuwa kama maharagwe: nyingi zinakomaa pamoja na kutoka pamoja. Mshituko huo unaweza kuwa kuzaa, malaria kali yenye homa, kupasuliwa, kutoka damu nyingi, njaa, kukonda haraka, ao huzuni na woga wa kukimbia. Kwa mwenye mimba kuna jambo la ziada: nywele zilizopaswa kuanguka zinabaki kichwani mpaka azae, ndipo zinatoka zote. Kisha kuzaa, nywele zinaanguka sana kati ya mwezi wa pili na wa nne, na kwa wengi hali inarudi sawa mbele mtoto hajatimiza mwaka mmoja.

Kwa hiyo hesabu ya kwanza, wamama, ni hii: nywele zinazoanguka leo zinasimulia jambo la miezi miwili ao mitatu iliyopita. Usitafute sababu katika sabuni ya jana wala katika jicho la jirani. Rudi nyuma kwenye kalenda. Je, ulizaa? Ulilala na homa? Mlikimbia? Mlikula mara moja kwa siku?

Hesabu hiyo inaeleza pia siri ya kapsule. Mama anaanza kuzimeza wakati nywele zinaanguka zaidi, maana ndipo anaogopa. Lakini wakati huo nywele mpya zimekwisha kuanza kuota chini ya ngozi. Zinakua karibu sentimita moja kwa mwezi. Zikitokea, sifa zote zinakwenda kwa chupa. Ni kama mtu aliyepanda kitendawili chake usiku, asubuhi akasema jogoo wake ndiye aliyeleta jua.

Basi, dawa hizo za kuongeza mwili nguvu hazina kazi? Zina kazi kwa mtu aliyepungukiwa na kitu kile kilichomo. Asiyepungukiwa haongezi chochote. Nywele zinahitaji zaidi vyakula vya kujenga mwili na madini ya chuma. Biotini, ile inayoandikwa kwa herufi kubwa kwenye chupa nyingi, ni watu wachache sana wanaopungukiwa nayo, na ikiwa nyingi mwilini inaweza kupotosha majibu ya vipimo fulani vya damu. Vitamini A ikizidi, yenyewe inaangusha nywele, na kwa mwenye mimba inaweza kuharibu mtoto tumboni. Seleniamu ikizidi inaangusha nywele na kuharibu kucha. Kwa hiyo kuchanganya chupa mbili ao tatu ni kujitafutia shida kwa pesa yako mwenyewe.

Kwetu huku, upungufu wa kutazama kwanza ni wa damu. Mimba zinazofuatana, malaria, minyoo, damu ya kuzaa, na chakula kidogo wakati wa kukimbia: vyote vinapunguza chuma. Dalili zake ni kuchoka, kizunguzungu, moyo kupiga mbio ukipanda mlima na mtungi, na weupe ndani ya kope la chini. Mwenye dalili hizo aende kupimwa damu kituoni. Vidonge vya chuma na asidi foliki ndivyo vile tunavyopewa CPN. Shirika la Afya Duniani linashauri mwenye mimba ameze kila siku, na mahali ambapo wajawazito wengi wana upungufu wa damu, mzazi anaweza kuendelea majuma 6 hadi 12 kisha kuzaa. Wengi wetu tunavitupa kwa sababu vinageuza choo kuwa cheusi. Choo hicho cheusi ni cha kawaida kwa mtu anayemeza chuma, usiogope. Vikikusumbua tumbo, umeze kisha kula. Na uvifiche mbali na watoto: mtoto mdogo akimeza vingi, vinaweza kumuua.

Sasa tuangalie chungu chetu. Masisi tuna maharagwe, maziwa, fromaji na mayai. Walikale wana karanga, uyoga, viwavi vya msituni na samaki wa mito. Pande zote mbili tuna sombe na lengalenga. Chuma cha majani na maharagwe kinaingia mwilini kwa shida, lakini kuna namna ya kukisaidia: weka ndani ya sombe ndagala ao sambaza, hata kiganja kimoja, kisha chakula kula chungwa, pera ao nanasi, ao kamua ndimu juu ya lengalenga. Chai inazuia chuma, kwa hiyo usiinywe pamoja na chakula. Ngoja karibu saa moja. Anayenyonyesha anahitaji kula zaidi kuliko alipokuwa na mimba, si kula masalio ya wengine. Hilo wababa nao walisikie.

Upande wa kusuka, pumzisha kichwa. Meshi nzito na misuko inayokaza vinavuta nywele zilizokwisha kulegea. Zile za pembeni mwa uso zikivutwa miaka na miaka, mizizi inakufa na hazirudi tena.

Kuna hali ambazo hazipaswi kungojwa. Nenda kwa muganga ikiwa nywele zinatoka kwa mabaka ya duara, ikiwa ngozi ya kichwa inauma, inatoa usaha ao magamba, ikiwa miezi sita imepita na kuanguka hakupungui, ao ikiwa unakonda na homa hazikuachi. Na kuhusu SIDA: hakuna anayeweza kuitambua kwa kutazama chanuo la mwenzake. Kipimo cha damu ndicho kinachojibu. Maneno ya kisimani yanaumiza mzazi bila kumtibu.

Tena jambo moja la haraka sana: mtoto ambaye nywele zake zinakuwa nyekundu, laini na kung'oka bila shida, na miguu inavimba, huyo si wa kungoja wala si wa kapsule. Hiyo inaweza kuwa bwaki. Mpeleke kituoni siku hiyo hiyo.

Yule mama alikwenda kupimwa juzi. Damu yake ilikuwa imepunguka, akapewa vidonge vya chuma vya mwezi mmoja. Nilimwonyesha pia, kwa kioo changu kidogo, nywele fupi fupi zinazosimama kwenye paji lake kama majani mapya kisha mvua ya kwanza. Hakuwa ameziona, maana alikuwa anaangalia chanuo tu. Alicheka, kisha akalia kidogo. Kuku wake wawili wangali wanataga, na nimemwomba kwamba katika mayai ya juma, mawili ayale yeye mwenyewe mbele ya kupeleka mengine sokoni.

Kazi ya nyumbani kwa vikundi vyetu: kwenye mkutano ujao, kila mama aliyezaa mwaka huu ahesabu miezi mitatu nyuma na aseme mbele ya wenzake alipitia nini wakati ule. Na yule anayefunga kitambaa siku zote, msimcheke. Muulize kama amekula.

Ni mimi mwalimu wenu.