Daftari la Maji Lisifungiwe Kabatini



Bomba likifika katika mji mdogo, kina mama hupiga vigelegele na wakubwa huja kufungua maji. Ni haki kufurahi. Lakini katika mikutano yetu huulizwa tu, “Maji yametoka?” Haliulizwi swali la pili: yamepimwa leo? Nani kayapima, na kaandika wapi?

Tusidhani kuwa swali hili ni la nchi maskini tu. Tazameni yaliyotokea Walkerton, mji wa watu kama 4,800 katika jimbo la Ontario, nchini Kanada. Nchi ile ni tajiri na wataalamu wake ni tele. Mwezi Mei mwaka 2000 mvua kubwa ilinyesha, vijidudu vya samadi ya ng’ombe vikaingia katika kisima cha mji kisicho kirefu. Klorini haikutosha kuviua. Watu zaidi ya 2,300 waliugua, na 7 wakafa.

Jaji Dennis O’Connor, aliyeongoza uchunguzi, hakumlaumu mwenye ng’ombe. Ubaya ulikuwa ndani ya daftari. Kwa miaka mingi watumishi wa maji hawakupima klorini kila siku kama ilivyopasa, bali waliandika tarakimu za kubuni. Tarehe 17 Mei maabara ilimwarifu meneja kwamba maji yana uchafu. Akaficha. Wakubwa wa afya walipomwuliza, akajibu maji ni salama. Tarehe 21 Mei ndipo wakubwa hao walipowatangazia watu wachemshe maji. Mficha maradhi, kifo humwumbua. Lakini hapa walioficha ni wengine na waliokufa ni wengine.

Wala kosa halikuwa la watumishi peke yao. Mwaka 1996 serikali ya jimbo iliacha kupima maji ya miji katika maabara zake, ikaiacha kazi hiyo kwa maabara za watu binafsi, pasipo sheria ya kuzilazimisha kumwarifu mganga wa afya zikiona uchafu. Habari ya hatari ikaishia mezani kwa mtu mmoja.

Sisi tuliosomea ualimu twajua daftari la mahudhurio lilivyo. Mwalimu akitia alama pasipo kuita majina, darasa zima huonekana lipo, kumbe nusu wako mtoni. Lakini mtoto aliyekwenda mtoni hurudi kesho yake. Daftari la maji likijazwa namna hiyo, wapo wasiorudi.

Nasi kupima si kazi ya kutushinda. Kidonge hutiwa katika maji kidogo yaliyokingwa bombani, maji yakageuka rangi ya waridi. Rangi hiyo ikilinganishwa na kipimo, kiasi cha klorini iliyobaki hujulikana. Shirika la Afya Duniani lataka isipungue miligramu 0.2 kwa lita pale mtu anapoteka. Ikikosekana, ama dawa haikutiwa ya kutosha, ama uchafu umeimaliza njiani. Ni kazi ya dakika chache.

Sheria kwetu Tanzania ipo. Sheria Na. 5 ya mwaka 2019 iliunda RUWASA kushughulikia maji ya vijijini, na EWURA husimamia mamlaka za maji za mijini. Lakini sheria iliyoko Dodoma haiwezi kuonja maji ya bomba la mwisho la mtaa wetu. Hiyo ni kazi ya wenye mtaa.

Kwa hiyo yafaa tudai mambo matatu. Kwanza, kipimo cha kila siku kibandikwe katika ubao wa ofisi ya kata, kila mtu asome. Pili, anayesukuma maji asiwe ndiye peke yake anayeyapima. Bwana Afya naye apime, tena katika bomba lililo mbali kuliko yote. Tatu, kipimo kikiwa kibaya, watu waambiwe siku ile ile wachemshe maji, wala isingojwe ruhusa ya mkubwa aliye safarini.

Nasi tuna wajibu wetu. Walkerton walikuwapo wakazi walionung’unikia harufu ya klorini, na hata kwetu wapo. Harufu ile ni ya mlinzi aliye kazini. Tena dawa hununuliwa kwa fedha: asiyelipa ada ya maji asishangae pipa la dawa likiwa tupu. Na mtumishi asiyefundishwa kazi yake asitukanwe. Afundishwe, apewe vifaa, kisha adaiwe ukweli.

Wanachama mlio katika kamati za maji, wiki hii nendeni mkalione daftari hilo. Mkikuta tarakimu moja imerudiwa mwezi mzima bila kubadilika, ulizeni. Mkiambiwa haliwahusu, ulizeni tena, safari hii mkiwa wengi. Maji hayo yatanywewa na watoto wetu.